SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YENYE MWISHO "-ABLE" NA "-IBLE"

Mtu akitembea katika jiji la Nakuru, tangu stendi ya magari hata penye maofisi ya serikali, hukutana na maneno ya Kiingereza kila mahali: juu ya milango, ubavuni mwa magari ya mafuta, katika stakabadhi za maduka, katika fomu za shule na katika mapatano ya kununua shamba. Mengi katika maneno hayo yana mwisho mmoja, nao ni "-able", au ndugu yake "-ible". Msomaji mwenye haraka huyaruka, akidhani ni maneno ya mapambo. Lakini mara nyingi neno hilo moja ndilo lililobeba uzito wote wa karatasi. Ndilo linaloeleza kama fedha zako zitarudi au hazitarudi, kama maji yafaa kunywewa au hayafai, na kama mapatano uliyotia sahihi yana nguvu au hayana.

Tuchukue mfano wa kubuni tu. Mzee mmoja wa Subukia ataka kukodi trekta ya kulimia. Atoa amana, apewa stakabadhi, na chini yake pameandikwa "Deposit non-refundable". Jioni ampa mjukuu wake aisome.

"Mjukuu wangu, hapa pameandikwa nini?"

"Pameandikwa 'refundable', Babu. Maana yake fedha hurudishwa."

"Na hicho kijineno kilicho mbele yake?"

"Hicho sikukitazama, Babu."

Basi trekta isipohitajiwa, mzee atakwenda kudai fedha zake, naye ataonyeshwa kile kijineno. Kijana hakukosea maana ya neno. Alikosea kwa kusoma nusu yake. Somo la leo lataka kumsaidia kijana huyo pamoja na babu yake. Tutaeleza mwisho huu ulitoka wapi, una maana ngapi, huandikwaje, hukanushwaje, na ni wapi hasa unapoweza kumtia mtu hasarani.

1. ASILI YA MWISHO HUU

Mwisho huu asili yake ni lugha ya Kilatini, waliyoisema watu wa Roma ya kale. Wao walikuwa na mwisho "-bilis", waliouweka juu ya shina la kitendo ili kupata neno la sifa. Vitendo vyao viligawanyika katika mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa na sauti "a": "portare", maana yake kubeba, likazaa "portabilis", yaani kinachobebeka. Mafungu mengine yalichukua sauti "i": "legere", kusoma, likazaa "legibilis", na "audire", kusikia, likazaa "audibilis". Hii ndiyo sababu hata leo Kiingereza kina namna mbili za kuandika, "portable" kwa "a", na "legible" na "audible" kwa "i". Masikioni namna hizi mbili ni sauti moja, kwa hiyo sikio haliwezi kukusaidia. Yakupasa ujifunze kwa macho.

Maneno hayo hayakwenda Uingereza moja kwa moja kutoka Roma. Mengi yalipita Ufaransa kwanza. Mwaka 1066 Wanormani, waliosema Kifaransa, waliishinda Uingereza, na kwa muda wa karne kadhaa baadaye lugha ya wakubwa na ya mahakama ikawa Kifaransa. Ndiyo maana maneno ya sheria na ya fedha yamejaa mwisho huu. Baadaye Waingereza waliuzoea kama mali yao, wakaanza kuutia hata katika vitendo vya kikwao visivyo na uhusiano wowote na Roma: "drink" likawa "drinkable", "read" likawa "readable", "break" likawa "breakable". Na jambo hilo laendelea hata sasa. Lakini angalia: ni "-able" tu inayozaa maneno mapya. "-ible" haizai tena. Tunayo yale maneno yaliyorithiwa tu.

Jambo hili lisitushangaze, kwani sisi nasi twafanya vivyo hivyo. Maneno "heshima", "hesabu" na "samehe" yalitujia kutoka Kiarabu, lakini tukayatia mwisho wetu wenyewe, tukapata "heshimika", "hesabika" na "sameheka".

2. KISWAHILI KINA MWISHO ULIO KARIBU NA HUU

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika somo hili, maana lugha yetu ina kauli ya kutendeka, yenye mwisho "-ika" au "-eka", inayofanya karibu kazi ile ile. Barua yasomeka, mzigo wabebeka, njia yapitika, shamba lalimika, maji yanyweka. Kwa Kiingereza: "readable", "portable", "passable", "arable", "drinkable".

Na kama Kiingereza kilivyo na "-able" na "-ible", sisi tuna "-ika" na "-eka". Tofauti ni kwamba kanuni yetu ni nyepesi zaidi. Kitendo chenye sauti "a", "i" au "u" katika shina lake huchukua "-ika": kata, katika, pita, pitika, vunja, vunjika. Chenye "e" au "o" huchukua "-eka": beba, bebeka, soma, someka. Mtoto wa Kiswahili hafundishwi jambo hili. Sikio lake lamwongoza. Mwingereza naye hana mwongozo huo katika lugha yake, na wako Waingereza wengi wasomi wanaofungua kamusi ili wajue kama neno laandikwa kwa "a" au kwa "i". Basi usione haya ukikosea.

Tena kumbuka vitendo vichache vyetu vyenye mwisho "-kana": onekana, patikana, julikana. Hivi navyo hutafsiri maneno ya Kiingereza ya namna hii. "Visible" ni kinachoonekana, na "available" ni kinachopatikana.

3. MAANA NNE

Wengi hufundishwa kuwa "-able" maana yake ni "kinachoweza". Fundisho hilo ni la kweli, lakini ni robo tu ya ukweli. Mwisho huu una maana nne, na kila moja yafaa ijulikane peke yake.

Maana ya kwanza: kinachoweza kutendwa. Hapa "-ika" yetu yatosha. "Washable" ni nguo inayofulika. "Curable" ni ugonjwa unaotibika. "Audible" ni sauti inayosikika. "Edible" ni kitu kinacholika, kama vile uyoga usio na sumu.

Maana ya pili: kinachopasa kutendwa, ama kilicho chini ya amri. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. "Fees are payable in January" haina maana kwamba ada yaweza kulipwa mwezi wa Januari mzazi akipenda. Maana yake ni kwamba ada yapasa kulipwa mwezi huo. Kadhalika "taxable" ni mapato yanayotozwa kodi, na "punishable" ni kosa ambalo sheria imeliwekea adhabu. Mtu akitafsiri "payable" kuwa "inayolipika", amegeuza amri kuwa hiari, na deni halitamngoja ajifunze Kiingereza.

Maana ya tatu: kinachostahili kutendwa. "Admirable" ni jambo linalostahili kusifiwa. "Memorable" ni siku inayostahili kukumbukwa. Neno lijulikanalo zaidi kwetu katika fungu hili ni "Honourable", ambalo sisi twasema "Mheshimiwa". Yule mbunge au diwani haitwi hivyo kwa kuwa aweza kuheshimiwa, bali kwa kuwa cheo chake chastahili heshima. Kama mtu mwenyewe astahili, hilo ni neno la wapiga kura.

Maana ya nne: chenye tabia fulani, au chenye kufaa kwa jambo fulani. Hapa kitu hakitendwi na mtu. Ndicho chenyewe chenye mwelekeo huo. "Changeable" ni hali ya hewa yenye kugeuka-geuka, kama ile ya Molo. "Suitable" ni kinachofaa. "Profitable" ni biashara yenye faida. "Perishable" ni bidhaa isiyokaa, itakayooza yenyewe isipowahi sokoni: maziwa ya Njoro, kabichi na njegere za Kinangop. Mwenye lori akiona neno hilo juu ya sanduku hana ruhusa ya kulala njiani.

Katika fungu hili la nne limo neno moja ambalo wakulima wa ngano wa nchi yetu yafaa walijue sana, nalo ni "susceptible". Shina lake la Kilatini lina maana ya kupokea, na neno lenyewe lina maana ya kitu kinachopokea ugonjwa kwa wepesi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 kutu iliteketeza ngano ya Lord Delamere pale Njoro, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa huko huko Njoro. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikapewa jina la Ug99 kwa ajili ya mwaka 1999, na baadaye ikaingia Kenya. Tangu mwaka 2005 ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa Njoro ili ipimwe mbele ya kutu hiyo. Katika daftari za wapimaji mbegu iliyoandikwa "susceptible" ni ile iliyoshindwa, na iliyoandikwa "resistant" ni ile iliyostahimili. Mkulima anayenunua mbegu akisoma neno la kwanza kana kwamba ni sifa njema, atapanda hasara.

4. NAMNA YA KUANDIKA

Hakuna kanuni moja isiyo na ubaguzi, lakini hizi zifuatazo zitakusaidia mara nyingi.

Kwanza, ondoa mwisho uone kilichobaki. Kikibaki kitendo kizima cha Kiingereza, andika "-able": "drink" na "drinkable", "pay" na "payable", "break" na "breakable". Kisipobaki neno zima, huenda ikawa "-ible": "visible", "audible", "edible", "legible", "possible", "terrible", "eligible". Maneno yanayokwenda kinyume yapo, nayo hujifunzwa moja moja. "Accessible", "convertible" na "digestible" yana neno zima lakini huchukua "i"; "arable", "probable" na "capable" hayana neno zima, na hata hivyo huchukua "a".

Pili, kitendo kikiisha kwa "e" isiyotamkwa, kwa kawaida "e" hiyo huondoka: "use" huwa "usable", "value" huwa "valuable", "believe" huwa "believable". Lakini ikitanguliwa na "c" au "g" laini, yabaki ili kuilinda sauti: "noticeable", "changeable", "manageable".

Tatu, "y" inayofuata konsonanti hugeuka kuwa "i": "rely" huwa "reliable", "vary" huwa "variable". Ikifuata vokali haigeuki: "pay" huwa "payable", "enjoy" huwa "enjoyable".

Nne, "regret" huongeza "t" moja, likawa "regrettable". Lakini "transfer", ambalo waraka wa shamba hauliachi, haliongezi kitu: huandikwa "transferable" kwa "r" moja tu.

5. NAMNA YA KUKANUSHA

Kiswahili hukanusha mbele ya neno: yasomeka, haisomeki, inayopitika, isiyopitika. Kiingereza nacho hukanusha mbele, lakini kina vijineno vingi.

"Un-" hupenda maneno yaliyoundwa kwa vitendo vya Kiingereza: "unreadable", "undrinkable", "unbreakable". "In-" hupenda maneno ya Kilatini: "invisible", "inedible", "incapable". "In-" hii hubadili vazi kwa kufuata herufi inayokuja baada yake. Mbele ya "p" na "m" huwa "im-": "impossible", "impassable", "immovable". Mbele ya "l" huwa "il-": "illegible". Mbele ya "r" huwa "ir-": "irresponsible". Na "non-" hupendwa sana na wafanya biashara na wanasheria: "non-refundable", "non-transferable".

Sasa, msomaji, usikilize vizuri, maana hapa pana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni "invaluable". Ukifuata kanuni, utadhani maana yake ni kitu kisicho na thamani. Sivyo. Maana yake ni kitu chenye thamani kubwa mno hata haikadiriki. Mwalimu akikuandikia barua kwamba msaada wako ulikuwa "invaluable", usikasirike, amekusifu.

Mtego wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, nao ni "inflammable". Hapa "in-" haikanushi hata kidogo. Yatoka katika kitendo cha Kilatini "inflammare", maana yake kutia moto, na "in-" hiyo ina maana ya "ndani". Basi "inflammable" ni kitu kinachoshika moto upesi, na "flammable" ni neno lile lile kwa maana. Kwa kuwa watu wengi walipotoshwa na "in-", katika karne ya 20 wataalamu wa kuzuia moto walianza kupendelea kuandika "flammable" juu ya mapipa na magari. Lakini neno la zamani lingali laonekana. Ukitaka kusema kwamba kitu hakishiki moto, sema "non-flammable".

Watu wa Nakuru hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, katika barabara kuu ya kwenda Eldoret. Watu wakakusanyika kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukazuka, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Hatusemi kwamba waliangamia kwa kutojua neno. Kila mtu ajua kwamba petroli huwaka, na umaskini una nguvu ya kumvuta mtu penye hatari aijuayo. Lakini si kila shehena ni petroli. Yako madawa ya viwandani, rangi na gundi ambazo mtu hawezi kuzijua kwa kunusa, na juu ya pipa lake hamna onyo jingine ila neno hilo moja. Mtoto akilisoma kinyume, atawasha kiberiti penye pipa akiamini amehakikishiwa usalama. Basi mfundishe mtoto wako leo: "flammable" na "inflammable" yote mawili ni moto.

6. HERUFI MOJA KATI YA CHOMBO NA MAJI

Maneno "portable" na "potable" yapishana kwa herufi "r" tu. "Portable" ni kinachobebeka. "Potable" yatoka katika Kilatini "potare", kunywa, na maana yake ni maji yanayofaa kunywewa. Jerikani ni "portable", lakini maji yaliyomo huenda yasiwe "potable".

Katika Bonde la Ufa tofauti hii si ya kamusi tu. Maji mengi ya chini ya ardhi hupita katika miamba ya volkano na kuchukua madini yaitwayo floraidi. Kiasi kidogo hakidhuru, lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na kandokando yake vyapita kikomo hicho. Mtoto anayekua akinywa maji hayo meno yake huota madoa ya kahawia ambayo hayasuguliki, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huumia. Maji yenyewe yaonekana safi, hayana harufu, wala kuyachemsha hakuiondoi floraidi; kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea. Njia mojawapo iliyotumiwa Nakuru ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao huikamata floraidi na kuyaacha maji yapite.

Basi tazama jinsi "drinkable" na "potable" yanavyotengana. Maji ambayo koo layakubali ni "drinkable". Maji ambayo kipimo kimeyakubali ni "potable". Kiswahili chatofautisha vivyo hivyo: yanayonyweka, na yanayofaa kunywewa. Ukiona kibao kilichoandikwa "Not potable water" juu ya bomba, usiseme, "Mbona nimeyaonja yakawa matamu?"

7. MANENO YA WARAKA WA SHAMBA

Hakuna mahali ambapo mwisho huu una uzito kuliko katika karatasi za ardhi. Tuyatazame maneno matatu.

La kwanza ni "void" na mwenzake "voidable". "Void" ni mapatano yaliyo batili, yasiyo na nguvu katika sheria, kana kwamba hayakufanywa. "Voidable" ni mapatano yaliyo hai, lakini yaweza kubatilishwa na yule aliyedhulumiwa, kwa mfano akiwa alidanganywa wakati wa kupatana. Asipoyabatilisha, yaendelea kuwa na nguvu. Tazama jinsi herufi nne zinavyotofautisha kitu kilichokufa na kitu chenye ugonjwa.

Kwa nini hili limguse mkulima wa Rongai au wa Bahati? Kwa sababu ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967. Kwa sheria hiyo, kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawanya ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti kwahitaji idhini ya ile halmashauri ambayo wananchi huiita Bodi ya Ardhi. Ombi la idhini lapasa kupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa, ila Mahakama Kuu ikiongeza muda. Idhini isipopatikana, neno la sheria ni "void", wala si "voidable". Yaani mnunuzi hawezi kusema, "Muuzaji ameridhika, nami nimeridhika, basi yatosha."

Neno la pili ni "recoverable". Sheria hiyo hiyo yasema kwamba fedha zilizolipwa katika mapatano yaliyobatilika hivyo ni "recoverable" kama deni. Watu husoma neno hili na kufurahi, wakidhani ni sawa na "refundable". Siyo sawa. "Refundable" hutajwa na mwenye kupokea fedha, naye huahidi kuzirudisha kwa masharti fulani. "Recoverable" ni haki ya kudai: sheria yakuruhusu ukazidai kwa aliyezipokea, hata mbele ya hakimu. Lakini haikuhakikishii kwamba bado anazo. Muuzaji aliyekwisha kujenga nyumba na kulipa mahari kwa fedha zako ni mdeni wako kweli, nawe waweza kudai miaka mingi.

Neno la tatu ni "liable". Hili lina asili ya Kifaransa, katika kitendo cha kufunga, kama mtu afungavyo kwa kamba. Aliye "liable" ni aliyefungwa na wajibu: yapasa alipe, au yapasa ajibu. Ukitia sahihi mahali palipoandikwa kwamba utakuwa "liable" kwa deni la mwenzako, umejifunga mwenyewe. Usidhani maana yake ni "able", kwamba unao uwezo wa kulipa. Hakuna anayeuliza habari ya uwezo wako.

Katika fomu za kazi na za shule yako pia maneno mepesi yanayosumbua. "Eligible" ni mwenye sifa za kuchaguliwa, na "legible" ni mwandiko unaosomeka. "Not applicable", ambalo hufupishwa kuwa "N/A", maana yake ni "jambo hili halinihusu", wala si "sijui".

8. MAZOEZI

Jaribu kuyajibu haya kabla ya kutazama majibu.

A. Toa maana kwa Kiswahili:
1. This letter is illegible.
2. The rent is payable on the first day of the month.
3. Milk is perishable.
4. This ticket is not transferable.
5. Her advice was invaluable.

B. Jaza "a" au "i" penye pengo:
6. vis_ble
7. reli_ble
8. ed_ble
9. notice_ble
10. eleg_ble, kisha utafute kosa jingine lililomo katika neno hili.

C. Chagua neno lifaalo:
11. Maji ya kisima yamepimwa, yamekutwa hayana madhara. Je, ni "portable" au "potable"?
12. Shamba la kilimo katika eneo la udhibiti limeuzwa, na idhini ya Bodi ya Ardhi haikuombwa kamwe, wala muda haukuongezwa. Je, mapatano ni "void" au "voidable"?

MAJIBU

1. Barua hii haisomeki. 2. Kodi ya nyumba yapasa kulipwa siku ya kwanza ya mwezi. 3. Maziwa ni bidhaa isiyokaa. 4. Tikiti hii haihamishwi kwa mtu mwingine. 5. Shauri lake lilikuwa na thamani isiyokadirika. 6. "Visible". 7. "Reliable". 8. "Edible". 9. "Noticeable". 10. Penye pengo ni "i", na herufi ya tatu yapasa kuwa "i", si "e": "eligible". 11. "Potable". 12. "Void".

Aliyepata kumi au zaidi amefanya vizuri sana. Aliyepata chini ya sita asikate tamaa, bali arudie fungu la tatu na la tano.

Tumalizie kwa shauri moja. Ukikutana na neno lenye mwisho huu katika karatasi itakayokugharimu fedha, shamba au uhai, litazame mara tatu. Tazama mbele yake kama pana kijineno cha kukanusha. Tazama shina lake ujue ni kitendo gani. Kisha ujiulize ni maana ipi katika zile nne: kinachoweza, kinachopasa, kinachostahili, au chenye tabia. Ukiwa bado una shaka, usione aibu kuuliza kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si ujinga, na wino ukishakauka hauulizwi tena.